Tamu Kidogo

Nchi yenyewe ipo, ila msijisumbue kuitafuta kwenye ramani, maana idara ya ramani bado inasubiri kibali cha kuichora. Ni nchi nzuri. Ina misitu, ina nyuki, ina amani, na ina Mtukufu Kiongozi, kwa hiyo haikosi chochote. Raia wake ni watu wenye furaha, na wale wasio na furaha hupewa muda wa kutosha kujirekebisha.

Watu wa huko hunywa pombe ya asali, ile ambayo wengine wetu tunaiita wanzuki. Zamani, kabla ya maendeleo, kila upande ulikuwa na yake. Watu wa milimani walitumbukiza vipande vya tunda la mwegea, ikatoka na uchungu wa mbali, pombe ya watu wazima wasiopenda kelele. Wa mbugani walichanganya na uwele, ikatoka nzito, ya kushibisha. Wa ng'ambo ya mto walitumia asali ya wale nyuki wadogo wasiouma, na pombe yao ilikuwa na ukakasi kama wa ukwaju, uliomfanya mgeni akunje uso kwanza kisha aombe nyingine. Watu walisafiri kutwa nzima kwenda kuonja ya wenzao, wakarudi wakibishana njia nzima ipi imezidi ipi. Hali hiyo, kama mnavyoona wenyewe, haikuweza kuachwa iendelee.

Mambo yalinyooka siku Mtukufu Kiongozi alipokwenda kuzindua daraja. Wazee walimkaribisha kwa kibuyu, akapiga funda moja, akatafakari, kisha akasema, "Tamu. Tamu kidogo." Siku hiyo Mtukufu alikuwa na mafua mazito kiasi kwamba asingeweza kutofautisha asali na mafuta ya taa, jambo ambalo halisemwi popote na hapa pia halijasemwa. Umati ulipiga makofi mpaka daraja likatikisika. Muda si mrefu "tamu kidogo" ikatangazwa kuwa Ladha Rasmi ya Taifa, na ikaundwa Tume ya Ladha kuhakikisha kwamba hakuna pombe ya asali inayonywewa nchini ikiwa na ladha nyingine.

Bi Holo hakuwa na ugomvi na Tume. Alikuwa mjane wa makamo, mtu wa shughuli zake, na alichokitaka ni kumwoza binti yake Wande kwa kijana aliyependana naye. Lakini kwao kuoza hakuishii kwenye shela na picha. Kwao, mtu akipata mtoto wa kike hutundika mzinga, na asali inayotoka mzingani humo mwaka wa posa ndiyo hupikiwa pombe ya harusi. Pombe hiyo huachwa ikomae hadi utamu wote uishe, ibaki kavu. Kisha mama wa binti na mama wa kijana huketi pamoja, hunywa kutoka kibuyu kimoja, na hutaja.

Kutaja ndiko kwenye kazi. Ukionja pombe ya mwenzako unasema kwa sauti ulichokikuta mdomoni, kiwe kizuri au kibaya, na asiyetaja kweli huhesabiwa kwamba hakunywa. Mama hao wawili hutaja kwa zamu mpaka wakutane kwenye neno moja. Wakikutana, ndoa imefungwa. Wasipokutana, wanaendelea kunywa, na labda ndiyo sababu haijawahi kutokea wasikutane. Sharti ni moja tu: iwe kabla ya mvua. Posa ikinyeshewa hurudishwa, na kijana hutafutiwa mchumba kwingine.

Marehemu Ndaki, mume wa Bi Holo, alikuwa ameutundika mzinga wa Wande kwenye mgunga mkubwa pembezoni mwa mbuga, na kabla ya kuutundika aliupaka ndani nta na majani ya mrehani ili kuwavuta nyuki. Mwaka huo wa posa ulikuwa wa ukame. Shemeji yake Bi Holo ndiye aliyekwenda kurina, na kwa kuwa aliwaogopa nyuki kupita kiasi, alifukiza moshi kama mtu anayekausha samaki. Asali ikatoka nyeusi, kidogo, ya kutosha mtungi mmoja. Baada ya hapo ule mgunga ulikatwa na Tume ya Ladha ili kutengenezea viti vya wajumbe. Kwa hiyo hakukuwa na asali nyingine ya Wande, wala haingekuwapo tena.

Bi Holo aliichanganya na maji ya vuguvugu, akatia chachu, akaweka mtungi karibu na meko. Kisha, kwa kuwa alikuwa raia mwema, akaenda kuomba kibali.

Afisa Ladha wa Wilaya aliitwa Bwana Kadelya. Alikuja na gari la Tume lenye bendera, akavua kofia mlangoni, na kwa kweli adabu alikuwa nayo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimeshakaribia. Pombe yako iko daraja gani? Changa, kali au kavu?"

"Juzi tu nimeitia chachu. Ni changa, tamu kama uji wa mtoto."

"Tamu sana au tamu kidogo?"

"Leo tamu sana. Itapungua."

"Mama, kwenye kanuni hakuna itapungua. Kuna ilivyo." Bwana Kadelya aliandika kitu. "Nitachukua sampuli."

Bi Holo alimchotea kibuyu. Bwana Kadelya alitoa kizibo na kuinusa, kama kanuni inavyotaka, ila pua yake ilikaa pale muda mrefu kuliko kanuni inavyotaka.

"Hii ni mrehani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Marehemu aliupaka mzinga. Wewe umejuaje?"

"Mama yangu alikuwa..." Akarudisha kizibo haraka. "Sijauliza kitu, mama. Nawe hujajibu."

Tume ilikaa kumsikiliza Bi Holo katika ukumbi wake mpya, juu ya viti vya mti wa mgunga. Alivitambua. Kimoja kilikuwa bado na kovu la kamba ya mzinga, na juu ya kovu hilo alikuwa amekaa mjumbe mnene aliyesinzia. Bi Holo akasalimia, akaonyeshwa pa kusimama.

"Bi Holo," alisema Mwenyekiti wa Tume, mzee mwenye udaktari wa heshima wa ladha, "kabla hatujaanza, napenda ufahamu, na umma ufahamu, na vizazi vijavyo vifahamu, kwamba wajumbe wa Tume hii wamekula kiapo. Hatunywi, hatujawahi kunywa, na hatutakunywa. Ndiyo maana maamuzi yetu hayana upendeleo."

Wajumbe walipiga meza. Yule mnene alishtuka, naye akapiga.

"Sasa mnaonjaje, waheshimiwa?" Bi Holo aliuliza. Hakuwa na kiburi, alitaka kujua tu.

"Kwa kura," alijibu Mwenyekiti.

Kibuyu kilipitishwa mkono kwa mkono. Mjumbe wa kwanza alikipima uzito kwa kiganja akasema kinaelekea kuwa tamu kidogo. Wa pili alikitazama kwa upande wa dirishani. Wa tatu alikiweka sikioni, na pombe changa, kama mnavyojua, huwa inachemka yenyewe kwa ndani, ikitoa sauti.

"Hii inanong'ona," alisema.

"Inanong'ona nini?" aliuliza mjumbe anayeshughulikia usalama, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akatoa kalamu.

Hilo lilichukua muda. Bi Holo alieleza kwamba ni chachu tu inafanya kazi. Aliulizwa chachu hiyo inafanyia kazi nani. Alieleza tena. Miguu ilimuuma, kichwa kikamwanga, na alipoambiwa akapumzike nje na kurudi kesho, alirudi kesho, akaambiwa arudi tena. Hatimaye kura zilipigwa, na Tume ikaridhika kwa wingi wa kura kwamba pombe yake ni changa na ni tamu kidogo. Alitoka na kibali chenye mihuri mitatu, akaenda nyumbani karibu kukimbia.

Alikuta pombe imekua. Ule utamu wa uji wa mtoto ulikuwa umeondoka, sasa ilikuwa kali, ya kupasha masikio joto. Bwana Kadelya alikuja kuthibitisha, akaweka sikio kwenye mtungi, akasikiliza, na uso wake ukasawijika.

"Mama, hii imenyamaza."

"Inakomaa, mwanangu. Ndivyo inavyokuwa."

"Kibali ni cha pombe inayonong'ona. Hii si hiyo."

"Ni hiyo hiyo, mwanangu. Mtungi ni ule ule, meko ni yale yale. Mtoto akianza kutembea unasema si yeye aliyekuwa anatambaa?"

Bwana Kadelya alitazama viatu vyake. Ilionekana wazi kwamba aliona anachoambiwa, na ilionekana wazi pia kwamba kuona hakukuwa sehemu ya ajira yake. Akachukua sampuli ya pili.

Yaliyofuata hayahitaji kuelezwa sana, kwa kuwa yalikuwa yale yale. Tume ilikaa, ikapima uzito, ikasikiliza, ikalalamika kwamba kibuyu cha sasa hakisemi chochote na kwamba kimya nacho kina maana yake, ikapiga kura, ikatoa kibali cha pombe kali tamu kidogo. Bi Holo alifika nacho nyumbani na kukuta pombe inaanza kukauka. Kila alipoifuata karatasi, pombe ilikuwa imeshatangulia. Safari ya tatu alimpa Bwana Kadelya sampuli ndani ya kibuyu chenye ufa ulioshonwa kwa ukindu, kwa kuwa ndicho pekee kilichobaki, vingine vyote vilikuwa ghalani kwa Tume.

Safari hiyo hakupewa kibali. Alisomewa shtaka. Kwa usahihi zaidi, pombe yake ndiyo iliyosomewa shtaka, yeye akiwa amesimama kwa niaba yake: kwamba kwa makusudi, na kwa nyakati tofauti, imebadilika bila kutoa taarifa.

"Tumekuvumilia sana," alisema Mwenyekiti. "Taifa limesimama mahali pamoja miaka yote hii kwa nidhamu kubwa. Itakuwaje mtungi mmoja ujiamulie kwenda mbele?"

Mtungi ulichukuliwa kama kielelezo. Walikuja vijana wanne wa Tume na machela, wakaubeba kama mgonjwa, na Bi Holo akabaki amesimama mbele ya meko akitazama mduara kwenye majivu pale ulipokuwa umekaa. Alishikwa na hasira ambayo hakujua pa kuiweka. Kama wangekuwa wezi angepiga yowe. Hawa walikuwa wamempa stakabadhi.

Jioni hiyo Wande hakula. Aliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi, akaviosha tena. Upande wa mashariki mawingu yalikuwa yameanza kukaa, madogo bado.

Bi Nkwimba, mama wa kijana, alikuja siku ya pili. Walikuwa wamependana tangu mwanzo wa posa, hao mama wawili, na ndiyo maana mazungumzo yalikuwa magumu.

"Mzazi mwenzangu," alisema Bi Nkwimba, "kwani hatuwezi kufunga kwa soda? Siku hizi wako wanaofunga kwa soda."

"Na tutataja nini? Tutataja gesi?"

"Mimi sitaki posa irudi. Mwanangu hasemi na mtu nyumbani."

"Wangu hali." Bi Holo alifuta macho kwa pindo la kanga, bila kujificha. "Dada, ile ndiyo kazi ya mwisho ya mkono wa Ndaki. Aliupaka ule mzinga huku mimi nimebeba mtoto mgongoni. Nikitaja gesi siku ya harusi ya Wande, nitakuwa nimemwambia marehemu hakuwapo. Siwezi. Nimejaribu kujilazimisha na siwezi."

Bi Nkwimba aliuliza tu kama kuna habari yoyote kutoka Tume, na Bi Holo akamwonyesha stakabadhi. Waliisoma pamoja. Ilisema kielelezo kitarudishwa mara tu kitakapoacha kubadilika.

Ikafika Siku ya Ladha, sikukuu ya taifa, ambayo kuhudhuria kwake ni hiari na wasiohudhuria hufuatwa majumbani. Uwanja ulijaa tangu asubuhi. Bi Holo, Wande, Bi Nkwimba na kijana walikaa kwenye nyasi pamoja na kata yao. Mawingu sasa yalikuwa juu ya vichwa vya watu, meusi, yamejaa.

Programu ilitaka Pombe ya Taifa iletwe jukwaani. Hapo palikuwa na tatizo dogo ambalo gazeti halikulitaja: kiwanda cha Pombe ya Taifa kilikuwa kimezinduliwa mara nyingi lakini hakijawahi kuwashwa, na pombe yote ya asali iliyobaki nchini ilikuwa ile ya ghalani, sampuli na vielelezo. Vikaletwa hivyo hivyo, vibuyu kwa safu, vikafunikwa vitambaa vya rangi za bendera. Tatizo la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Mtukufu Kiongozi alikuwa amefika, amekaa, anasubiri, na miongoni mwa wakubwa wote jukwaani hakuna aliyeruhusiwa kunywa.

"Watathibitisha wananchi," alitangaza Mwenyekiti kwenye kipaza sauti. "Wananchi wa kawaida, kwa niaba ya taifa. Bwana Kadelya, tuletee wawili."

Bwana Kadelya alishuka ngazi. Alipita safu za mbele zilizojaa watu waliovalishwa vizuri kwa ajili hiyo, akapita kata ya kwanza, akapita ya pili, akafika kwenye nyasi.

"Mama Holo," alisema. "Na wewe, mama. Njooni."

Kama alijua anachofanya au hakujua, hakuna aliyewahi kumtoa neno. Lakini jukwaani, kati ya vibuyu vyote vile, mkono wake ulifunua kitambaa kimoja na kutoa kibuyu chenye ufa ulioshonwa kwa ukindu.

Bi Holo alikipokea kwa mikono miwili. Hakikunong'ona. Alikiinua, akanywa, akafumba macho, na pombe ilikuwa imekauka hadi mwisho, imefika pale inapotakiwa kufika, huko ghalani ambako hakuna aliyekuwa akiichunga. Alimpa Bi Nkwimba, naye akanywa. Kipaza sauti kilikuwa karibu sana.

"Moshi," alisema Bi Holo.

Uwanja mzima ulisikia. Mwenyekiti alimgeukia Bwana Kadelya kwa jicho kali. Bwana Kadelya alichukua kipaza sauti.

"Mama anasema, tamu kidogo."

Makofi.

"Vumbi la kiangazi," alisema Bi Nkwimba.

"Na huyu anasema, tamu kidogo."

Makofi tena. Wakanywa tena. Bi Nkwimba sasa alikuwa ameelewa kilichokuwa mkononi mwake.

"Ua la mgunga," alisema.

"Tamu kidogo."

"Uchungu, mwishoni, kwenye shina la ulimi," alisema Bi Holo, na sauti yake ikapanda. "Mti uliokatwa. Miguu iliyosimama ukumbini. Hasira. Nimeionja hasira yangu mwenyewe humu ndani, waheshimiwa, na haijaisha."

"Mama anasema... tamu. Kidogo."

Makofi yalikuwa makubwa kuliko yote. Mtukufu Kiongozi mwenyewe alitikisa kichwa kwa kuridhika. Bi Holo alinywa kilichobaki, akamwachia mwenzake funda la mwisho, na kwa muda wakatazamana tu, kila mmoja akitafuta kinywani mwake.

"Mrehani," walisema, wote wawili kwa pamoja.

Kule kwenye nyasi Wande alisimama. Kata nzima ikapiga vigelegele, na kwa kuwa vigelegele huambukiza, uwanja wote ukapiga, watu wasiojua chochote wakimshangilia bibi harusi wasiyemfahamu. Jukwaani Bwana Kadelya alikuwa ameshika kipaza sauti na hasemi. Mwenyekiti alimgusa bega. Akafunika kipaza sauti kwa kiganja, akakohoa, akageuzia uso wake pembeni ambako hapakuwa na kamera.

"Tamu kidogo," alisema mwishowe, kwa sauti iliyokwaruza.

Redio ilitangaza kwamba wananchi waliipokea Ladha Rasmi kwa vigelegele ambavyo havijawahi kusikika. Mvua ilianza Mtukufu akiwa bado kwenye utangulizi wa hotuba yake, na hakuna aliyeruhusiwa kuondoka. Wande na mumewe walilowa pamoja, wameshikana mikono kama watu waliooana.

Mtungi haukurudi. Bi Holo alifuata mara kadhaa, akaambiwa kesi inaendelea, shahidi mmoja bado hajahojiwa, naye ni pombe. Wageni wa harusi walikunywa soda wakala pilau, na wapo wazee wa upande wa kijana ambao hadi leo wakikutana na Bi Holo humuuliza ilikuwaje, ile ya Ndaki. Huwaeleza, lakini kuelezwa si kuonja. Kila akiwaeleza hasira humrudia upya.

Kibali chake kilifika Wande alipokuwa amejifungua mtoto wa kike. Kililetwa na Bwana Kadelya mwenyewe, aliyekuwa amehamishiwa idara ya ramani, akapita tu njiani. Kilikuwa na mihuri saba. Kilimruhusu Bi Holo kuonja pombe yake mwenyewe, kwa sharti kwamba asimeze, na kwamba ladha atakayoikuta iwe ile inayofahamika.

Mkwewe siku hiyo alikuwa uani, anaandaa mzinga wa mtoto. Bi Holo aliisoma ile karatasi mpaka mwisho, akaipapasa. Ilikuwa karatasi nzito, nzuri, ya serikali, na mzinga ulikuwa na tundu kwa nyuma. Aliikunja, akazibia nayo tundu, akapaka nta juu yake, na juu ya nta mrehani. Bwana Kadelya alimshikia mzinga usiyumbe. Atakayeonja pombe ya harusi ya mtoto huyo, huko mbele, akikuta ladha ya mhuri, basi ataje.

Haya ndiyo yaliyokuwa kibuyuni, na yametajwa kama yalivyo. Tume ikipita kwenu kuuliza hadithi ilikuwaje, semeni ilikuwa tamu kidogo.